Rangi nyekundu haina sauti

Nasanifu programu za ofisi, na sehemu ya kazi yangu ni kukaa kando ya watu wawili wanaojaza jedwali moja: mmoja anaona, mwenzake haoni.

Zamani niliamini kuwa asiyeona akishapata kisoma skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, mambo yamekwisha. NVDA, mojawapo ya programu hizo, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure na ina sauti ya Kiswahili. Inamwezesha mtu kufanya kazi peke yake. Lakini ofisini nani hufanya kazi peke yake?

Chukua orodha ya michango ya saccos. Mhasibu anayeona hupaka nyekundu mistari ya wanaodaiwa. Mwenzake akishuka mstari kwa mstari husikia jina na kiasi, basi, kwa sababu NVDA haitaji rangi mpaka uiamuru. Hata ikitaja, nyekundu maana yake nini? Miongozo ya WCAG, ya kufanya kurasa za wavuti zitumike na watu wenye ulemavu, ilikataza kutegemea rangi peke yake tangu toleo la kwanza, mwaka 1999. Tuliongeza safu ya "Hali": amelipa au anadaiwa. Rangi sasa hujiweka yenyewe kufuata neno, na wote wawili huchuja orodha kwa neno hilohilo.

Ugumu wenyewe huanza wanapoandika kwa wakati mmoja. Anayeona hukiona kishale cha mwenzake kikitembea. Asiyeona hana budi kuambiwa, tena kwa sauti ileile inayomsomea anachoandika. Ukimtangazia kila kitu unamvuruga. Ukinyamaza, ataifuta kazi ya mwenzake bila kujua. ARIA, kanuni za kurasa za wavuti kwa visoma skrini, ina tangazo la adabu, linalosubiri sauti imalize, na tangazo la dharura, linalokatiza. Mimi hutumia la adabu karibu kila mahali. La kukatiza nimeliweka kwa jambo moja tu: mwenzako ameingia kwenye seli uliyomo.

Likabaki neno "hapo". "Angalia hapo," anasema anayeona, na kidole kiko kwenye skrini. Tukaweka kitufe cha "Njoo nilipo", kinachomfikisha mwenzako kwenye seli yako. Nilikitengeneza nikimfikiria asiyeona ndiye wa kuitwa. Kwenye majaribio, yeye ndiye aliyekibonyeza zaidi: masikio yake yalinasa sifuri iliyozidi kwenye kiasi ambacho macho ya mwenzake yalikuwa yamekipita mara mbili.