Kwa nini mcheza baleti ndiye aliyevishwa nguo za Spider-Man?

Juni 2015 ilipotangazwa kwamba Spider-Man mpya ni Tom Holland, kijana wa miaka 19 kutoka Uingereza, wengi waliulizana: huyu ni nani tena? Waliodadisi wakagundua kuwa alianzia kwenye dansi, baleti ikiwemo. Wapo waliocheka.

Sababu iko kwenye kinyago. Spider-Man akishakivaa, hana uso. Mdomo hauonekani, na machozi ndiyo usiseme kabisa. Mwigizaji wa filamu ukimnyima uso umemnyima nusu ya kazi, maana kamera humsogelea hadi ukaona kope zinavyotikisika. Sasa hofu, utoto na majivuno vitatokea wapi? Mabegani, shingoni, kwenye vile anavyochuchumaa juu ya ukuta. Mtazame akiwa amevaa kinyago: hasemi kitu, lakini mgongo umeshasema. Na mcheza dansi hufundishwa hayo tangu mdogo.

Holland alizaliwa 1996 huko Kingston, pembezoni mwa London. Kutokana na dansi aliitwa kwenye usaili wa Billy Elliot, mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, unaohusu mtoto wa mchimba makaa anayetamani baleti wakati wachimbaji wako kwenye mgomo wa 1984. Hakupandishwa jukwaani hivihivi. Alinolewa kama miaka miwili, baleti na sarakasi, ndipo mwaka 2008, akiwa na miaka 12, akatokea ukumbi wa Victoria Palace, kwanza kama Michael, rafiki wa Billy, kisha Billy mwenyewe. Nafasi hiyo ni nzito mno kwa mtoto mmoja, kwa hiyo wavulana kadhaa huipokezana, leo huyu kesho yule. Na jukwaani hakuna kurudia. Ukijikwaa, ukumbi mzima umeona.

Kisha ikaja filamu ya The Impossible, 2012. Humo ni Lucas, mvulana aliyesombwa na tsunami ya Desemba 2004 nchini Thailand, ile ile iliyofika mpaka pwani ya Kenya na Tanzania na kuua watu. Mafuriko yale yalirekodiwa kwenye bwawa kubwa nchini Hispania. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote za kurukia maghorofa, na sitaki ugomvi na mtu.

Kwenye usaili wa Spider-Man alianza kwa kujirekodi klipu baada ya klipu, akazituma, hadi akaitwa Atlanta kuigiza na Robert Downey Jr., aliyekuwa Iron Man, na baadaye Chris Evans, aliyekuwa Captain America. Mbele ya Evans, kama anavyosimulia mwenyewe, aliingia kwa kupiga samasoti. Si kwamba anafanya kila kitu. Miruko ya hatari bado ina mabingwa wake. Ila mkurugenzi hahitaji kumficha kila miguu inapoanza kazi.

Simu ya kumpa hongera haikuja. Anasema habari alizikuta Instagram, kama mimi na wewe. Mdogo wake Harry hakuamini: Sony, wenye filamu hizo, walikuwa wamedukuliwa mwaka uliotangulia, akadhani ni wadukuzi tena.