Je, wajua kwa nini Sweden haina sheria ya kima cha chini cha mshahara?

Mei Mosi ikikaribia, Wakenya na Watanzania hutega masikio kusikia Rais atatamka nini kuhusu mishahara. Sweden hakuna anayengoja hilo. Nchi hiyo haina sheria ya kima cha chini, na vyama vya wafanyakazi vyenyewe vinaipinga vikali, sawa na waajiri.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Sweden iliandamwa na migomo. Mwaka 1938 shirikisho la vyama vya wafanyakazi, LO, na la waajiri, SAF, yalitia saini makubaliano mjini Saltsjöbaden, karibu na Stockholm. Pande zote mbili zilihofia kwamba zisipoelewana, serikali ingezitungia sheria. Leo mishahara hupangwa kwa mikataba ya hali bora, yaani makubaliano ya vyama na waajiri, ya kila sekta, na takribani wafanyakazi 9 kati ya 10 wamo ndani ya mikataba hiyo.

Na mwajiri akigoma kusaini? Hapo ndipo penye utamu. Sheria ya Sweden inaruhusu chama kimoja kugoma kwa ajili ya kingine. Oktoba 2023 chama cha IF Metall kiliitisha mgomo wa mafundi wa Tesla baada ya kampuni hiyo kukataa mkataba. Makuli wakasusia kupakua magari yake bandarini, wafanyakazi wa posta wakaacha kupeleka vibao vya namba zake. Huko Marekani, nyumbani kwa Tesla, sheria ya mwaka 1947 inapiga marufuku sehemu kubwa ya migomo ya namna hiyo.

Ufaransa ina njia yake. Wanachama wa vyama ni kama mmoja tu kati ya 10, lakini mikataba inawagusa karibu wote, kwa kuwa wizara ya kazi huweza kuutandaza mkataba kwa waajiri wote wa sekta. Kima cha chini nacho kimo kisheria tangu 1950. Waswidi wanauliza: serikali ikishakuhakikishia mshahara, ada ya chama utalipa ya nini?

Mfumo wao una tundu, tena si dogo: aliyeajiriwa na kampuni isiyo na mkataba hana kiwango cha kudai. Hata hivyo hawataki kuugusa. Umoja wa Ulaya ulipopitisha mwongozo wa kima cha chini mwaka 2022, Denmark, yenye mfumo kama huo, iliupinga mahakamani, Sweden ikiiunga mkono, ingawa mwongozo wenyewe haukuzilazimisha kutunga sheria hiyo.