Hukutaja Kabila, Lakini Umati Ulikuelewa

Kadiri Uchaguzi Mkuu wa Kenya wa Agosti 2027 unavyokaribia, malalamiko kuhusu ndimi za wanasiasa yanazidi kufika mezani petu katika Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC), mengi yakiwa video za simu za sekunde chache tu. Tumeona vyema tuzungumze na wawaniaji, wapambe wao, MC na kila anayeshika kipaza sauti, tukijua wengi wana nia njema.

Sisi hatuishii kwenye kipande cha video. Tunatafuta rekodi ya hotuba nzima, na mara nyingi tunakuta kwamba msemaji hakuja na chuki mfukoni. Ameanza vizuri: bei ya unga, daraja lililosombwa na mafuriko, karo ya shule. Watu wametulia. Utulivu huo unamtia hofu, anadhani amewapoteza, kumbe wanapiga hesabu ya unga pamoja naye. Basi anaingia lugha ya mama, anarusha msemo mmoja kuhusu "wageni" wa eneo hilo. Vifijo vinalipuka. Anaurudia mara ya pili, mara ya tatu kwa sauti ya juu zaidi. Hapo ndipo faili inapofunguliwa.

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinagusa maneno ya vitisho, matusi au dharau yaliyokusudiwa kuchochea chuki ya kikabila, au ambayo, kwa kuzingatia mazingira yote, yanaelekea kuichochea. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Chini ya kifungu cha 62, kinachohusu uchochezi wa dharau ya kikabila, kifungo kinaweza kufika miaka 5. Chombo cha habari kinachorusha maneno hayo nacho kinaweza kutozwa hadi milioni 1. Tume huchunguza, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma huamua kushtaki, na mahakama ndiyo inayotoa hukumu.

Someni tena maneno "mazingira yote". Tumechoka kuambiwa "mimi sikutaja kabila", "ile ilikuwa methali tu". Madoadoa ni neno la kawaida kabisa ukizungumzia ngozi ya chui. Katika Bonde la Ufa, ambako lilitumika kuwaita majirani waliofurushwa makwao, halina tena kawaida hiyo, na Aprili 2022 Tume ya NCIC ililiweka kwenye orodha yake ya maneno ya chuki. Mende ni mdudu wa jikoni, lakini kule Rwanda mwaka 1994 redio ya RTLM iliwaita Watutsi hivyo huku wakiuawa. Anayesimama jukwaani anajua vizuri umati utasikia nini. Kama hajui, hajafanya kazi yake.

Kuna dhana nyingine potofu, kwamba mkutano wa hadhara unahitaji kibali. Sheria ya Utulivu wa Umma, kifungu cha 5, inataka notisi. Mwandalizi anaipeleka kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, wa eneo husika, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya mkutano. Inataja jina lake kamili na anwani, tarehe, mahali, na saa, ambayo lazima iwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Ikiwa mwingine ametangulia kutoa notisi ya uwanja huo kwa saa hizo, OCS atamjulisha mwandalizi aliyechelewa, naye atafute siku au mahali pengine. Siku yenyewe, mwandalizi au mwakilishi wake lazima awepo mwanzo hadi mwisho. Kumwachia MC uwanja na kwenda zako mkutano wa pili hakukubaliki.

Hatusemi hotuba zipoe. Katiba, Ibara ya 33, inalinda uhuru wa kujieleza, na kuikemea serikali kwa ukali si kosa. "Pesa za barabara hii zilikwenda wapi?" ni swali linalouma kuliko "ng'oeni kwekwe", na aliyeulizwa hawezi kukimbilia polisi.

Kabla hujapanda jukwaani, mtafute mtu asiye wa kabila lenu, umsomee hotuba yako kwa sauti, pamoja na ile misemo ya lugha ya mama ukiwa umemtafsiria. Akikunja uso, simama hapo hapo, umuulize amesikia nini.