Goti la farasi liko wapi? Kwa wanaoandika hadithi

Binti mmoja wa Moshi anayeandika riwaya alinitumia sura tatu kwa WhatsApp, akaniomba nizisome kwa jicho la mtu wa mifugo. Hadithi yenyewe ni nzuri. Kijana wa Machame anapata kazi kwenye shamba la farasi huko West Kilimanjaro, anatokea kumpenda farasi jike mmoja mpaka anahamishia godoro lake karibu na banda. Nilisoma bila kupumzika hadi nikafika mahali ambapo farasi yule, baada ya kushiba majani, "alijilaza kivulini akicheua taratibu". Nikaweka simu chini.

Farasi hacheui.

Kosa hilo nimelikuta kwa waandishi wengi, na nadhani najua linatoka wapi. Sisi tumekulia na ng'ombe. Hata aliyezaliwa mjini ameshaona ng'ombe akichungwa pembeni ya barabara ya Namanga. Farasi wengi wetu tumemwona kwenye filamu tu. Basi mwandishi anapofika mahali pa kumwelezea farasi, mkono wake unachukua mwili wa ng'ombe anaoufahamu, anauwekea tandiko, na hadithi inaendelea. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Nilisomea mifugo Tengeru, nikaanza kazi Monduli nikizunguka maboma, na farasi wa kwanza kumshika kwa mikono yangu nilikuwa nimeshavuka miaka 30, kwenye shamba moja la Usa River. Siku hiyo niligundua kwamba mengi niliyoyajua hayakuwa na kazi pale.

Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne, ndiyo maana anameza haraka, kisha anarudisha chakula mdomoni na kukitafuna upya. Farasi ana tumbo moja, tena dogo kwa mwili wake, na majani yanachachuka nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana. Kilichoshuka hakirudi, kwa sababu mlango wa tumbo lake umekaza kiasi kwamba hata kutapika hawezi. Kwa hiyo maumivu ya tumbo kwa farasi ni jambo la kufa na kupona. Anaparua ardhi kwa mguu wa mbele, anageuza shingo kutazama ubavu wake, anatoka jasho, anajiangusha na kugaagaa. Mwandishi anayetaka usiku wa hofu bandani asihangaike kutafuta simba, kwa maana tumbo la farasi linamtosha.

Kuna na hili la kuinuka. Ng'ombe huinua matako kwanza, anabaki amepiga magoti ya mbele kama anayesali, kisha anamalizia. Farasi ni kinyume chake: ananyoosha miguu ya mbele, anakaa kidogo kama mbwa, halafu anajisukuma juu kwa nguvu ya nyuma. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Farasi anayo juu na chini, na anauma kwelikweli, bega langu la kulia ni shahidi. Jike ana chuchu mbili, si nne. Na ukwato wake ni mmoja kila mguu, haukupasuka katikati, hivyo mpelelezi wa hadithi yako akikuta topeni alama ya kwato mbilimbili, aliyepita pale si farasi.

Sasa miguu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Weka kiganja chako juu ya meza. Inua mkono taratibu mpaka vidole tu ndivyo vinagusa. Kunja vingine vyote, ubaki umesimama kwa kidole cha kati peke yake, tena kwa ncha yake, kwenye kucha. Huo ndio mguu wa mbele wa farasi. Ukwato ni kucha ya kidole cha kati. Vidole vya jirani zake vilipotea zamani sana, vikaacha vijiti viwili vyembamba vya mfupa vilivyojificha kandokando. Kile tunachokiita goti la mbele, kile kiungo kinachopinda katikati ya mguu, ni kifundo cha mkono wako, pale unapofunga saa. Kiwiko chenyewe, kile cha kuegemea mezani, kiko juu kabisa, kimeshikamana na kifua.

Miguu ya nyuma inapotosha zaidi. Katikati ya mguu kuna kiungo chenye ncha inayochomoza nyuma, na watu wanaandika kwamba "magoti ya farasi yanakunjika kinyumenyume". Ile si goti, ni kifundo cha mguu, na ncha ile ni kisigino. Goti lenyewe lipo, na linakunjika kwenda mbele kama lako, ila liko juu, karibu na tumbo, limefichwa na ngozi na misuli ya paja. Ukisimama kwa ncha za vidole na kukunja magoti kidogo, unakuwa umesimama kama farasi.

Faida ya kulijua hili si kuandika majina ya mifupa. Ni kwamba kuanzia goti la mbele kwenda chini hakuna misuli, kuna mifupa, kano na ngozi basi. Hakuna nyama ya kukinga pigo. Jeraha dogo pale chini lina uzito kuliko jeraha kubwa la pajani, na farasi aliyevunjika mfupa wa chini kwenye mabonde ya Meru hawezi kufungwa kitambaa sura ya tano akashinda mbio sura ya sita.

Kuhusu pumzi nitasema kidogo. Farasi anapumua kwa pua tu. "Akihema kwa kinywa wazi, ulimi nje" ni maneno ya mbwa. Farasi aliyekimbia utamwona matundu ya pua yamepanuka hadi wekundu wa ndani unaonekana, na mbavu zinapanda na kushuka. Akiwa ametulia, moyo wake unapiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika. Weka vidole chini ya taya lake uuhisi mshipa, utashangaa jinsi unavyosubiri kati ya pigo na pigo.

Rangi ndiyo nina maneno mengi, na nilifundishwa na saisi mmoja wa pale Usa River, mzee wa Kimeru aliyetunza farasi tangu ujana wake. Wiki yangu ya kwanza aliniuliza, "Daktari, huyu ni rangi gani?" Nikamjibu, "Mweupe, mzee." Akachukua ndoo, akamwagia yule farasi maji begani. Manyoya yalilala, na chini yake ikatokea ngozi nyeusi kama sufuria ya kuni. "Amezaliwa hapahapa," akasema, "akiwa mweusi kama kiatu."

Karibu farasi wote tunaowaita weupe wako hivyo. Wanazaliwa na rangi nyingine, nyeusi, nyekundu au kahawia, kisha kila mwaka nywele nyeupe zinaongezeka. Katikati ya safari hiyo wanakuwa wa kijivu, mara nyingi wakiwa na madoa ya duara mapajani kama majivu yaliyonyeshewa manyunyu. Baadaye weupe unashinda, ila pua na kingo za macho zinabaki nyeusi. Wale Lipizzaner maarufu wa Vienna, Austria, huzaliwa weusi au kahawia na kuwa weupe kwa njia hiyohiyo. Wakizeeka, wengi wao huota vinundu vyeusi chini ya mkia. Mtoto wa farasi "mweupe kama theluji ya Kibo" anayemfuata mama yake, basi, ni nadra sana. Mweupe wa kuzaliwa ana ngozi ya waridi, na jua letu la Arusha humbabua pua. Na riwaya ikichukua miaka kumi, farasi wa kijivu wa sura ya kwanza hawezi kuwa na kijivu kilekile mwishoni. Mwandishi makini anaweza kuhesabu miaka kwa manyoya ya mnyama bila kutaja tarehe hata moja.

Rangi nyingine zote zinaanzia kwenye wino wa aina mbili, mweusi na mwekundu. Farasi mwekundu ana wekundu wa hina au wa shaba mwili mzima, na singa zake, yaani nywele za shingoni, ni nyekundu vilevile au zimepauka kidogo. Hana weusi katika manyoya yake. Farasi wa kahawia anaweza kuwa na mwili wa rangi hiyohiyo, lakini singa, mkia, kingo za masikio na miguu kuanzia magotini kwenda chini ni nyeusi. Watu wa farasi wanaona tofauti hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo neno "kahawia" peke yake halitoshi. Mwambie msomaji singa zikoje na miguu ikoje. "Mwekundu, singa zake rangi ya majani makavu ya mgomba" inamtosha mtu wa Kibosho kumwona mnyama mzima. Mweusi halisi yupo, ingawa akishinda juani anachujuka, mgongo unakuwa na kutu kama koti la zamani. Wa dhahabu mwenye singa nyeupe ni yule mwekundu aliyerithi kipimo kimoja cha kufifisha rangi. Akirithi viwili, kutoka kwa baba na kwa mama, anakuwa wa rangi ya samli na macho ya buluu.

Urithi huu una hazina kwa mwandishi. Wekundu wawili huzaa mwekundu tu. Wa kijivu lazima awe na mzazi mmoja wa kijivu. Hebu fikiria mzozo wa shamba ambapo tajiri anaapa kwamba dume lake jekundu ndilo lililompanda jike jekundu la jirani, na miezi kumi na moja baadaye anazaliwa mtoto mweusi. Saisi asiyejua kusoma anamtazama mtoto akijaribu kusimama, na kesi imekwisha kabla ya mwanasheria kufika.

Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa mbele tu ya paji lake na nyuma ya mkia. Rangi anazozitofautisha vizuri ni za upande wa buluu na njano. Shuka nyekundu ya Kimasai ikimtisha, inamtisha kwa kupepea, si kwa wekundu.

Mwendo nao una maneno yake ya Kiswahili, na ninasikitika tunayaacha yafe. Farasi anakwenda hatua, yaani taratibu, anakwenda matiti, yaani mbio za kadiri, anakwenda shoti, yaani mbio kali. Punda ana telki yake. Kwenye matiti miguu inakwenda jozi, wa mbele kulia na wa nyuma kushoto, kisha jozi nyingine, na mlio ni wa mapigo mawili. Shoti inaweza kupita kilomita 40 kwa saa, lakini kwa mwendo mfupi tu. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, na nimesoma farasi akizimaliza kwa shoti bila tone la maji. Farasi waliozoezwa hufika hata kilomita 160 kwa siku katika mashindano, lakini kwa kuchanganya mwendo, kunyweshwa, na kukaguliwa na daktari njiani.

Anayeandika habari za kale awe mwangalifu zaidi. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda bara ilibebwa na wapagazi, kwa kuwa ndorobo, yaani mbung'o, waliwaua wanyama wa mizigo njiani. Na ukiandika "nyumbu" ukimaanisha mtoto wa punda na farasi, fafanua, la sivyo msomaji wa hapa ataona Serengeti.

Yule binti tulirudia sura ya tatu pamoja. Kijana wake anamtafuta farasi wake usiku, bila mwezi, katikati ya wengine kumi, na alikuwa ameandika kwamba alimtambua kwa "rangi yake nzuri ya kahawia". Gizani mwekundu, wa kahawia na mweusi ni wamoja. Kinachoonekana ni alama nyeupe: paji la uso au mguu. Siku mbili baadaye alinitumia sentensi mpya: "Giza lilikuwa limewameza wote, akaona soksi moja nyeupe ikitembea peke yake." Chini yake akaniuliza, "Daktari, iwe mguu upi?" Nikamwambia wa nyuma wa kushoto, kwa sababu kwa desturi farasi hukaribiwa na kupandwa kwa upande wa kushoto, na kijana aliyezoea kazi angezungukia huko.