Somo ni huria, nambari ya simu ya mzazi si huria

Tangu muhula uanze, dawati letu la ulinzi wa data limekuwa likipokea malalamiko yanayofanana. Mzazi anagundua nambari yake imeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kozi huria (ambayo vifaa vyake viko wazi kwa yeyote kuvitumia na kuvirekebisha) anayosoma mwanawe, na sasa watu asiowajua wanamtumia matangazo ya mikopo. Mwanafunzi anajaza fomu ya Google ya kujiandikisha, anabonyeza kutuma, kisha anaonyeshwa majina na majibu ya wenzake wote waliotangulia. Walimu wanaolalamikiwa wana jibu moja: "Lakini sisi ni elimu huria."

Hilo si jibu. Leseni ya Creative Commons, ile ruhusa ya wazi kwa umma mliyobandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu, inahusu hakimiliki ya kitabu. Humruhusu msomaji kukinakili, kukirekebisha na kukigawa kwa masharti mliyochagua. Haigusi jina la mwanafunzi, alama zake, picha yake wala simu ya mamake. Toleo la 4.0 la leseni hizo lina kifungu kinachosema kwamba haki za faragha hazimo katika ruhusa inayotolewa. Kifungu hicho kimo ndani ya leseni ambayo kila mmoja wetu anasema ameisoma.

Nisieleweke vibaya. Taasisi yetu haijapiga marufuku huduma za kampuni, na hakuna waraka unaosema hivyo. Jumuiya nyingi za elimu huria hazina seva wala fundi wa kuitunza. Wazazi wako WhatsApp, na mwalimu anayetaka kuwafikia leo atawafuata huko. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kuingia kwenye jukwaa la kampuni, mjue ni kitu gani mnakikabidhi na kitu gani kinabaki mikononi mwenu.

Kinachopaswa kubaki, kwanza kabisa, ni nakala asili. Walimu waliokuwa wakitumia Edmodo, jukwaa la madarasa ya mtandaoni, walishuhudia huduma hiyo ikifungwa Septemba 22, 2022. Jamboard, ubao wa kidijitali wa Google, ilifuata mwisho wa 2024. Mbao zilizosalia ziligeuzwa PDF, na mchoro uliogeuzwa hivyo unabaki wa kutazamwa tu. Mwenzako wa Kitui hawezi kuufungua akabadilisha mfano wa pamba kuwa wa mtama. UNESCO, katika pendekezo lake la Novemba 2019, inataka rasilimali huria za elimu ziweze kutumika tena, kurekebishwa na kusambazwa bila malipo. Faili linaloonekana ndani ya programu moja tu, tena baada ya kuingia kwa akaunti, lina leseni huria kwa jina. Wekeni faili asili, linaloharirika, mahali mnapopamiliki: hazina ya chuo, Moodle (mfumo wa kozi za mtandaoni) ya taasisi, hata diski iliyo kabatini kwa mkuu wa idara. Kwenye jukwaa la kampuni pelekeni nakala.

Video ni mfano unaotusumbua zaidi. YouTube inakuruhusu kuitambulisha video yako kwa leseni ya CC BY (Creative Commons inayodai mwandishi atajwe tu), na wengi huishia hapo wakidhani kazi imekwisha. Ila masharti ya YouTube yenyewe hayamruhusu mtazamaji kupakua video nje ya njia inazotoa kampuni. Kwa hiyo mwanafunzi ana haki ya kuikata na kuitafsiri video yako, na hana mlango halali wa kuichukulia. Dawa yake ni kuweka faili lilelile mahali pengine na kutaja kiungo chake kwenye maelezo ya video.

Hali ni mbaya zaidi mnapochukua kazi ya wengine. Leseni hizi zinakataza kuongeza masharti au kufuli za kiteknolojia zinazomzuia mpokeaji kutumia haki alizopewa. Ukichukua kitabu cha CC BY-SA (kinachodai mwandishi atajwe na marekebisho yatolewe kwa leseni ileile) ukakiweka ndani ya programu inayofunga kunakili, umevunja leseni, na ruhusa yako inakoma papo hapo. Chini ya toleo la 4.0, ukirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu ulipoligundua, ruhusa hurudi yenyewe. Ukichelewa, mpaka mwenye kazi akurudishie. Siku zinahesabiwa tangu kugundua, si tangu kulalamikiwa.

Sasa data binafsi. Dhana tunayokutana nayo karibu kila wiki ni kwamba, kwa kuwa data imo kwenye seva za kampuni, kampuni ndiyo itakayojibu. Sivyo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, anayeamua data ikusanywe kwa nini na vipi ni mdhibiti wa data. Uliyetunga fomu ni wewe. Kampuni kwa kawaida ni mchakataji tu, anayeishughulikia kwa niaba yako data uliyoikusanya. Na kampuni zinaijua tofauti hiyo vizuri. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki Edmodo kwa kutumia data za watoto katika matangazo bila ridhaa ya wazazi. Sehemu ya shtaka ilikuwa kwamba kampuni iliwasukumia shule na walimu mzigo wa kutafuta ridhaa hiyo. Ilipangiwa adhabu ya dola milioni 6, ikasimamishwa kwa kuwa haikuwa na uwezo wa kulipa.

Hapa kwetu Kenya, data ya mtoto haichakatwi bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Taasisi ya elimu hujisajili kwa Kamishna wa Data, msimamizi wa sheria hiyo, hata ikiwa ndogo. Msamaha wa wenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 na wafanyakazi wasiofika 10 hauhusu sekta ya elimu. Ada ya usajili kwa taasisi ndogo ni shilingi 4,000, cheti hudumu miezi 24, na kuhuisha ni shilingi 2,000. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli kwa wahusika, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72, na wahusika wenyewe waarifiwe. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kwa vile itakavyokuwa ndogo. Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tunaulizwa mara nyingi kama shule hiyo "ilikuwa na leseni huria". Haihusiani.

Mengi ya haya huzuiwa kwa dakika chache. Kwenye fomu, zimeni kile kitufe kinachowaonyesha wajazaji muhtasari wa majibu. Ndicho chanzo cha yale malalamiko ya fomu niliyoyataja mwanzoni. Jedwali la majibu lisiwe wazi kwa "yeyote mwenye kiungo". Msiulize nambari ya kitambulisho cha mzazi kwa kozi ya kusoma hadithi. WhatsApp tumieni orodha ya matangazo, ambamo wapokeaji hawaonani, badala ya kundi. Mzazi lazima awe ameihifadhi nambari yenu ili ujumbe umfikie, kwa hiyo mwambieni mapema. Na mwanafunzi asiyetaka kufungua akaunti apewe njia nyingine ya kupata somo lilelile. Hilo la mwisho hupingwa sana, nami sijasikia bado sababu ya kulipinga inayozidi uvivu wa kuchapisha kurasa chache.

Mwenye malalamiko aanze kwa afisa wa data wa taasisi husika, kwa maandishi, akiambatisha picha ya skrini yenye tarehe. Asiporidhika, aende kwa Kamishna, ambaye kisheria ana siku 90 za kuchunguza na kukamilisha.