DC asiye mkuu wa wilaya: jinsi ya kusoma vifupisho vya Freemason

Katika kazi yetu ya kuhifadhi nyaraka, karatasi ambazo watu hutuletea wakiwa na wasiwasi ni za aina mbili: hati za viwanja na karatasi za Freemason. Mtu amefungua sanduku la marehemu babu, akakuta picha ya wanaume waliovaa aproni, na chini yake herufi tupu: W.M., I.P.M., D.C., A.L. 5938. Kabla hajauliza maana yake, ameshasoma ndani yake uvumi wote aliousikia tangu utotoni.

Karibu zote ni herufi za karani aliyechoka kuandika majina marefu, kama sisi tunavyosema RPC na OCD bila kukusudia kumficha mtu. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Tuanze na jina. Mason kwa Kiingereza ni mwashi. Kwa hesabu yao wenyewe, Loji Kuu ya kwanza, yaani chombo kinachosimamia loji (matawi yao), iliundwa London tarehe 24 Juni 1717, na lugha waliyoirithi ni ya mafundi wa mawe. Loji yenyewe (si gesti, tafadhali) ilikuwa kibanda cha mafundi kando ya jengo linalojengwa. Ndiyo maana E.A. ni mwanagenzi, yule ambaye huku kwetu tungemwita saidia fundi, F.C. ni fundi aliyeiva, M.M. ni fundi kamili. Daraja za loji ya kawaida zinaishia hapo. Ile 33 inayotajwa sana vijiweni ni ya mfumo wa ziada uitwao Scottish Rite.

Herufi iliyoleta balaa kubwa kuliko zote ni W. Kiongozi wa loji huitwa Worshipful Master, na kwa kuwa shuleni tulifundishwa kwamba worship ni kuabudu, watu wakahitimisha kwamba huyo bwana anaabudiwa. Katika Kiingereza cha zamani neno hilo lilimaanisha mwenye heshima. Vyama vya kale vya ufundi na biashara vya London bado vinalitumia katika majina yao, kikiwemo cha wauza samaki, na sijasikia popote pale mtu akipiga magoti mbele ya muuza samaki. Kwa hiyo W.M. ni mheshimiwa mwenyekiti, basi. Akimaliza muda wake anakuwa P.M., aliyewahi kuwa mwenyekiti, wala hajawa Waziri Mkuu. Aliyetoka madarakani juzijuzi ni I.P.M. Ukiona P mwanzoni mwa cheo chochote, kwa kawaida ni mstaafu.

D.C. ndiye anayewachanganya zaidi wasomaji wa Tanzania. Katika loji si mkuu wa wilaya, ni msimamizi wa itifaki: nani aingie lini, nani akae wapi. I.G. naye hana uhusiano na jeshi la polisi; ni mlinzi wa mlango kwa ndani, na mwenzake wa nje anaitwa Tyler. S.W. na J.W. ni wasimamizi wawili wanaomfuata mwenyekiti. Kama picha haina maelezo, tazama kidani kilichoning'inia kifuani: mwenyekiti ana skwea ya fundi, S.W. ana pimamaji, J.W. ana timazi. Kwa njia hii nimetambua watu ambao majina yao yalikwisha kufutika.

Mwaka 5938 hautoki kwenye unajimu. A.L. ni Anno Lucis, Kilatini cha "mwaka wa nuru". Zamani wasomi wa Ulaya walikadiria kwamba dunia iliumbwa takriban miaka 4000 kabla ya Kristo, na Wamasoni wakaongeza hiyo 4000 juu ya mwaka wa kawaida. Toa 4000, unabaki na 1938. Hesabu hiyo huonekana pia kwenye mawe ya msingi ya majengo yao.

G.A.O.T.U. ni Msanifu Mkuu wa Ulimwengu, yaani Mungu, kwa jina ambalo Mwislamu, Mkristo na Mhindu wanaweza kulitamka wakiwa chumba kimoja. V.S.L. ni kitabu kitakatifu kinachowekwa wazi wakati wa kikao, na penye wanachama wa dini mbalimbali huwekwa vitabu zaidi ya kimoja. Katika Afrika Mashariki jambo hilo lina uzito wake. Marehemu Sir Andy Chande, mfanyabiashara wa Tanzania aliyefariki 2017, aliwahi kuwa D.G.M., mkuu wa "wilaya" ya Kimasoni inayovuka mipaka ya nchi zetu, na alilizungumzia jambo hilo hadharani.

Vifupisho vinaweza pia kukuambia karatasi imetoka wapi. U.G.L.E. ni Loji Kuu ya Muungano ya Uingereza ya tangu 1813. F. & A.M. au A.F. & A.M. mara nyingi ni Marekani, ambako kila jimbo lina loji kuu yake. P.H.A. ni tawi lililotokana na Prince Hall, mtu mweusi wa Boston aliyepokewa 1775. Nukta tatu za pembetatu baada ya kila herufi ni mtindo wa Kifaransa, kwa hiyo usishangae kuzikuta katika karatasi zilizotoka Kongo.

Sasa vile vibandiko vya kwenye nguzo za umeme, "jiunge na Freemason upate utajiri", pamoja na namba ya simu. Matapeli hao hupenda kujaza herufi na mihuri ili kutisha. Katika loji mwanachama ndiye anayelipa ada. Anayekuahidi mamilioni kisha anaomba "pesa ya fomu" ni mwizi, hata akijua vifupisho vyote nilivyovitaja.

Kuna herufi za aina moja tu zilizokusudiwa kuficha. Vijitabu vya taratibu za vikao huandika maneno fulani kwa herufi ya kwanza na nukta, ili aliyefundishwa akumbuke na asiyefundishwa apite. Ukikuta kijitabu cha namna hiyo sandukuni, kitunze pakavu, usikibandike gundi, wala usikichome. Tuletee pamoja na ile picha.