Je, wajua kwa nini umri wa mtoto ndo unampa mzazi kiti kwenye baraza la gavana kule Marekani?

Ukisikia "baraza la ushauri la serikali" picha inayokuja ni ileile, meza ndefu, chupa za maji, wastaafu wenye heshima zao, na afisa mmoja anasoma taarifa mpaka watu wanaanza kusinzia. Ndo maana nilipokutana na sheria ya Marekani inayohusu watoto wadogo kabisa wenye ulemavu kuna kipengele ilibidi nikirudie mara mbili. Kinasema kila jimbo liwe na baraza la ushauri, wajumbe wateuliwe na gavana, na angalau asilimia 20 ya hao wajumbe wawe wazazi wa watoto wenye ulemavu walio na miaka 12 kushuka chini. Alafu kinaongeza kwamba kati ya hao wazazi lazima awepo angalau mmoja ambaye mtoto wake ana miaka 6 au pungufu.

Kwani mtoto akifikisha miaka 7 mzazi anakuwa kasahau?

Kwa namna fulani ndio, na utamu wa habari uko hapo, ila turudi nyuma kidogo kwanza.

Mwaka 1970 shule za Marekani zilikuwa zinasomesha mtoto mmoja tu kati ya kila watano wenye ulemavu, na majimbo mengi yalikuwa na sheria kabisa za kuwazuia baadhi yao, viziwi, wasioona, wenye ulemavu wa akili. Yaani sio kwamba walisahaulika, walikatazwa kwa maandishi. Waliolianzisha ni wazazi. Chama cha wazazi cha Pennsylvania kililiburuza jimbo lao mahakamani mwaka 1971, mwaka 1972 familia za Washington DC nazo zikashinda kesi yao, na tarehe 29 Novemba 1975 Rais Gerald Ford akasaini sheria ya kuwapa watoto wenye ulemavu elimu ya bure kwenye shule za serikali. Tangu 1990 sheria hiyo inaitwa IDEA, kifupi cha Kiingereza cha sheria ya elimu ya watu wenye ulemavu. Kwa hiyo mzazi hakukaribishwa kwenye hii meza kwa wema wa mtu, alifika pale na hukumu mkononi.

Tatizo ni kwamba sheria ya 1975 ilikuwa ya shule, na mtoto wa miezi minane haendi shule. Mwaka 1986 ndo Bunge la Marekani likaongeza sehemu ya watoto tangu wanapozaliwa mpaka wanapotimiza miaka 3, hiyo ndo siku hizi wanaiita Sehemu C, na baraza letu lilizaliwa humo.

Mbona hapa baraza lilihitajika sana hivo? Mtoto wa shule ana mwenyewe, mwenyewe ni shule. Mtoto mchanga serikalini hana mwenyewe. Chukua mtoto wa miezi 14, hajaanza kukaa vizuri na sikio moja halisikii. Kipimo cha sikio kiko hospitali, anayelipa ni bima binafsi au Medicaid, yaani bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, mtu wa fiziotherapia anatoka kampuni binafsi yenye mkataba na jimbo, na kama mtoto analelewa na familia isiyo yake basi ustawi wa jamii nao wamo. Huyo ni mtoto mmoja, hajui hata kusema "mama", na tayari ana mafaili manne kwenye ofisi nne ambazo hazisalimiani. Juu ya hapo kila jimbo linajichagulia idara ya kuongoza kazi nzima, New York ni idara ya afya, Maryland ni idara ya elimu.

Washington ikaona isipowakalisha hawa watu chumba kimoja kwa lazima hawatakaa wenyewe. Masharti yakawa rahisi: jimbo linalotaka hela za Sehemu C lazima liunde baraza, hakuna baraza hakuna hela. Humo ndani wamo idara inayoongoza, watu wa elimu ya awali, Medicaid, wanaosimamia bima za afya, Head Start (mpango wa serikali wa elimu ya awali kwa watoto wa familia maskini), ustawi wa jamii, afya ya akili, anayeshughulikia elimu ya watoto wasio na makazi, mbunge wa jimbo angalau mmoja, anayefundisha wataalamu wa fani hii, na watoa huduma nao angalau asilimia 20. Baraza likutane si chini ya mara moja kila miezi mitatu, kikao kitangazwe mapema, mlango uwe wazi kwa wananchi, na akihitajika mkalimani wa lugha ya alama apatikane.

Sasa ukiwajaza hao wote, wazazi wa nini?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Afisa anajua sheria inasema familia ikishaelekezwa kwenye huduma kuna siku 45 za kumpima mtoto na kukaa kikao cha kwanza cha kupanga huduma zake, na kwenye ripoti yake siku 45 zimetimia, safi kabisa. Asichokijua ni kwamba kwenye zile siku mama alipiga simu mara sita, akahadithia ugonjwa wa mwanae upya kwa watu wanne, na tarehe aliyopewa baba alikuwa zamu. Hiyo haiingii kwenye jedwali lolote, inaingia kwa mdomo wa mtu.

Na mdomo wa mtu una muda wake, hapa ndo narudi kwenye miaka 6. Mzazi ambaye mtoto wake sasa ni kijana wa miaka 25 ana busara nyingi lakini anakumbuka ofisi ambazo zilishabadilishwa jina na fomu ambazo hazipo tena. Tena kuna kitu cha kibinadamu, maumivu yakipita tunayasimulia vizuri, yanakuwa hadithi yenye mwisho. Mwenye mtoto wa miaka 4 bado hana hadithi, ana hasira na karatasi kwenye mkoba. Sheria inamtaka huyo, na kwa maoni yangu hicho ni kipengele chenye akili kuliko vyote vilivyomo.

Kuna na baraza jingine la jimbo, la watoto wakubwa wa miaka 3 hadi 21, nalo lina hesabu yake. Kule zaidi ya nusu ya wajumbe lazima wawe watu wenye ulemavu wenyewe au wazazi wa watoto wenye ulemavu, na umri wa mtoto unaruhusiwa mpaka miaka 26. Ina mantiki, manake mtoto wa miezi 14 hawezi kuja kujisemea ila wa miaka 20 anaweza, na mara nyingi anasema mambo ambayo mama yake hakuyategemea.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui ni pesa ya yaya. Sheria inaruhusu baraza, kwa idhini ya gavana, kutumia fungu lake kurudishia wajumbe gharama za kuhudhuria, na imetaja kwa jina kabisa malezi ya watoto kwa wajumbe wazazi, pia inaruhusu kumlipa mjumbe asiye na ajira au anayekatwa mshahara kwa sababu ya kikao. Inaonekana kitu kidogo. Lakini mtoto anayelishwa kwa mrija huwezi kumuacha kwa jirani ukaenda kikaoni saa nne asubuhi, anatakiwa mtu aliyefundishwa na huyo mtu analipwa, kwa hiyo bila kale kamstari wazazi ambao wangeweza kuja ni wale wenye hela zao tu na ungekuwa na baraza la matajiri linaloongelea shida za maskini.

Kuna na mitego miwili ya kuzuia ujanja. Wa kwanza, mtu wa idara inayoongoza hawezi kuwa mwenyekiti, anayeshauriwa hashiki rungu. Wa pili, mjumbe haruhusiwi kupigia kura jambo linaloweza kumletea yeye faida ya fedha moja kwa moja, na hii inawagusa sana watoa huduma, manake ngoma kila mwamba huvutia kwake.

Nguvu ya baraza lenyewe? Kisheria ni ndogo. Linashauri na kusaidia idara inayoongoza, haliajiri wala halifukuzi maafisa wa idara, na idara ikisikiliza ikafanya tofauti hakuna polisi wa kuitwa. Kila mwaka linaandika ripoti ya hali ya huduma, inaenda kwa gavana na kwa Waziri wa Elimu wa Marekani. Hapo ujue baraza kama hili linaweza kulala usingizi vizuri tu, kiti cha mzazi kikakaa wazi miezi kadhaa kwa sababu ofisi ya gavana haijasaini uteuzi, au mzazi akateuliwa kisha akazimwa na vifupisho, dakika kumi za kwanza ametajiwa vifupisho kumi na tano akaamua kutikisa kichwa tu mpaka muda wake uishe. Mimi hili la vifupisho naliona ni baya kuliko kiti kilichokaa wazi, kiti kitupu angalau kinaonekana.

Likiwa macho linafanya kazi hivi. Huduma za Sehemu C kwa kawaida zinaishia mtoto akitimiza miaka 3, siku ya birthday yenyewe, baada ya hapo ni zamu ya upande wa elimu. Sheria inataka familia na pande zote wakae kupanga hilo angalau siku 90 kabla. Sasa mtoto amezaliwa mwezi wa saba, shule zimefungwa, fiziotherapia ya zamani imekata na mpya haina tarehe. Mama amepiga simu idara ya afya, wamemwambia faili limeshaenda elimu. Amepiga elimu, wamemwambia bado hawajalipokea. Wiki ya tano mtoto aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushika meza ameacha kusimama.

Kwenye simu mchezo huo unaweza kwenda mpaka shule zifunguliwe. Barazani mama anauliza swali lilelile, ila wa afya amekaa kiti cha tatu na wa elimu kiti cha tano, mbunge yupo, wananchi wako nyuma, na anayeandika muhtasari ameinua kalamu anasubiri jina la aliyekaa na faili.